Sheria ya Jumatatu Nchini Tutaanza

Ya njiani nayaacha njiani. Niliingia nchi ya Tutaanza Jumapili alasiri, na mlinzi wa mpaka hakuniuliza jina wala nitokako. Aliniuliza, huku anatafuna, kama nimeanguka au nimerejea. Nikamwambia swali lake silielewi. Akanitazama toka juu mpaka chini, macho yake yakatua tumboni kwangu, akaniandikia mwenyewe: ameanguka. Kisha akanipa sahani ya chipsi iliyofurika na kuniambia nile haraka haraka, maana kesho alfajiri ni marufuku.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na mbili nimebeba kamba na vigingi, na tabia ya kazi ile haijanitoka: nikifika mahali naandika ninachokiona, sipambi. Tena niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia, na mwaka ule nilikuwa situlii zaidi ya kawaida yangu. Nyumbani nilikuwa nimekula vizuri miezi minne, mboga za majani, samaki wa kuchemsha, ugali wa dona, maji. Nikapungua kilo tisa. Halafu ukaja msiba wa shemeji yangu, nikala sambusa mbili, na kutoka zile sambusa mbili, baada ya wiki sita nikajikuta nakunywa soda asubuhi kabla sijapiga mswaki. Badala ya kurudi kwa daktari nikafunga begi. Naamini safari nyingi za watu wa umri wangu zina sababu ya namna hiyo, ila wenyewe hawaiandiki.

Nilipewa chumba kwa Bwana Machano, karani wa Idara ya Marejeo, na mkewe Bi Siwema. Binti yao Mize aliolewa mji wa mbali, wakabaki wawili wakiitana Baba Mize na Mama Mize kana kwamba binti yuko chumba cha pili. Nilimkuta Machano barazani, ameketi, mguu wa kulia umefungwa bendeji na kuegeshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na kisukari, na kidole gumba cha mguu ule kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Daktari alimpa wiki saba: ale chakula cha kawaida, aache vitamu na vya kukaanga, sukari ishuke mwilini, kidonda kipate kufunga. La sivyo mguu ungekatwa chini ya goti. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha.

"Zimekwishaje?" nilimuuliza.

"Nimeanguka," alisema. "Mara tatu. Lakini kesho ni Jumatatu."

Aliitaja Jumatatu kwa sauti ya mtu anayetarajia mgeni wa heshima.

Sheria yao ni hii. Katika Tutaanza kila raia hurudia chakula bora Jumatatu alfajiri, ngoma inapolia. Siku nyingine haikubaliki. Jumapili inaitwa Siku ya Kuaga, na kuaga kwenyewe si kwa maneno. Kila mtu anatakiwa ale kila anachokusudia kukiacha, asije akakiacha na kinyongo. Niliorodhesha vilivyokuwa mezani kwa Machano: chipsi, soseji, kuku wa kukaanga, keki mbili, bagia, krispi za aina tatu na soda za rangi nne. Jirani aliingia kuaga soseji za pale, kwa kuwa za kwake zilikwisha kabla hajamaliza kuagana nazo. Machano alikula akitokwa jasho, hana raha hata kidogo, na kwa kila kipande alisema, "Hiki ndicho cha mwisho." Nilimuuliza Bi Siwema kama kidonda nacho kimeagwa. Aliendelea kufuta meza.

Niliona pia kwamba watu wengi hula wamesimama. Nilidhani ni pilika za mji, kumbe nayo ni sheria. Kula, kwa mujibu wa kitabu chao, ni kuketi na kutia chakula kinywani. Anayetafuna akiwa amesimama hajala, amepita tu. Kwa hiyo nchi nzima imo miguuni. Watu wanatembea toka asubuhi hadi magharibi, mikono mifukoni, mashavu yamevimba, wanasalimiana kwa kuinua nyusi kwa sababu midomo ina kazi. Kuna na vifungu vingine. Kilichovunjika hakihesabiwi, ndiyo maana biskuti za kule huuzwa zikiwa zimeshavunjwa. Kilichotoka kwenye sahani ya mwenzako ni kosa la mwenye sahani. Na mpishi anayeonja, hata akionja mara arobaini, anahesabiwa yuko kazini.

Jumatatu ngoma ililia na mji ukarejea. Siwezi kusema haikupendeza. Soko la mboga hufunguliwa siku hiyo moja, kwa saa mbili. Watu walipanga foleni wameoga, wamevaa nguo nyeupe, wanazungumza polepole, wanaambiana kilo watakazopunguza kabla ya mwezi kuandama. Lakini Chakula cha Marejeo kimepangwa na Idara, na mtu haongezi kitu: majani ya kuchemshwa, bila chumvi, bila kitunguu, bila tone la mafuta. Maharage hayamo, samaki hayumo, wala tunda, maana tunda lina utamu na utamu ndio uliowaangusha. Nikamuuliza ofisa mmoja pale sokoni ni nani anayeweza kuishi kwa chakula kile.

"Hakuna," alijibu, amenyoosha mgongo. "Ndiyo heshima yake."

Ilipofika saa sita mji ulianza kuwashwa. Fundi cherehani wa jirani alishona mkono wa shati mahali pa kola. Wanawake wawili waligombana kisimani kwa sababu mmoja alipumua kwa sauti. Hakuna aliyeweza kukaa na jambo moja. Mtu akianza kufagia anaacha, akichukua gazeti analigeuza geuza kisha analitupa, akisimama mlangoni anarudi ndani. Mimi niliuzunguka mtaa ule mara saba. Miguu ikanipeleka yenyewe, na saa kumi kasoro nikajikuta mbele ya banda la kuku wa kukaanga, nimesimama pamoja na nusu ya wale waliovaa nyeupe asubuhi. Tukapita, kama wasemavyo wao. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Nilirudi nyumbani na aibu, na aibu ile ikanitia njaa nyingine.

Bi Siwema alikuwa na njia yake. "Mimi naanguka saa moja asubuhi," aliniambia akichambua mchele. "Natia sukari kwenye chai, naandikwa, nakaa zangu kitako. Sina nafasi ya kuhangaika mchana kutwa."

Machano hakuanguka Jumatatu. Alikaa kitini, anakunywa maji, mikono imeshika magoti kana kwamba yatamkimbia. Jioni midomo ilikuwa imemkauka, lakini alitabasamu. "Leo nimeweza, Mama Mize," alisema. Mkewe akamfunika shuka miguuni, na nikamwona anageuza uso ukutani.

Jumanne nilimsindikiza kazini, yeye na magongo yake. Ofisi ya Idara ya Marejeo ina dawati refu na kiti kimoja tu, alichopewa Machano kwa barua ya hospitali. Saa nne sinia la maandazi likaingia. Makarani kumi na mmoja walisimama kulizunguka wakapita, kila mmoja maandazi mawili au matatu, wakizungumzia habari za mvua. Machano peke yake alikuwa ameketi, kwa sababu mguu haukumruhusu kusimama. Mtu akaliweka sinia pembeni mwa daftari lake apate kufuta mikono. Machano aliandika majina mawili. Akaandika la tatu. Kisha nikauona mkono wake unakwenda, bila yeye kuutazama, na andazi likafika kinywani.

Mkaguzi wa Meza alikuwa Bwana Pandu, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alisogea akiwa bado anatafuna lake.

"Bwana Machano, umeketi," alisema.

"Nimeketi, Bwana Mkaguzi."

"Umekula."

"Nusu andazi."

"Nusu ya kuvunjika au ya kuuma?"

Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba neno moja lingemwokoa. Machano alilitazama andazi. Alama za meno zilikuwa wazi, lakini hata zisingekuwepo asingeweza kusema uongo, maana ni mtu wa namna hiyo.

"Ya kuuma," alisema. Na kwa kuwa kuandika walioanguka ndiyo kazi yake, alichukua kalamu akajiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Hapo ndipo nilipoijua sehemu ya pili ya sheria, ambayo kwangu ilikuwa ngeni kuliko zote, ingawa baadaye niliona sivyo. Aliyeanguka haruhusiwi kugusa mboga mpaka Jumatatu ijayo. Nilidhani sikusikia vizuri. Bwana Pandu alinifafanulia kwa upole mkubwa.

"Mtu ni mmoja kati ya wawili, mgeni wetu," alisema. "Amerejea au ameanguka. Huyu ameanguka Jumanne. Ukimwacha ale mchicha leo, Jumatatu atakuwa anarejea kutoka wapi?"

Mchana huo Idara ilileta nyumbani kapu la walioanguka, kama inavyofanya kwa kila mmoja: chipsi, soseji, keki, soda mbili. Machano alilipokea kama mtu anayepokea barua ya kufukuzwa kazi. Kisha akala vyote. Sikuona tamaa usoni mwake. Alikula kama anayemaliza kazi aliyopangiwa.

"Angalau ungebakisha hiyo keki," nilimwambia.

"Ya nini? Nimeshaharibu," alisema. "Wiki imekwenda. Kujibana sasa hakuna maana."

Nilinyanyuka nikatoka nje. Maneno yale niliyajua. Niliyasema mwenyewe, jikoni kwangu, siku ya pili ya zile sambusa, na siku ya tatu, na siku arobaini zilizofuata, na hakukuwa na Idara iliyonilazimisha. Nilizunguka nyumba nikiwa na hasira, na sikujua kwa hakika namkasirikia nani.

Jumatano asubuhi alikuja daktari kubadilisha bendeji, mwanamke kijana aliyeitwa Mafunda. Alifungua taratibu. Kidole gumba kilikuwa cheusi sasa, na wekundu ulikuwa umepanda mpaka juu ya unyayo. Bi Siwema alishika fremu ya mlango.

"Kidole hiki siahidi kukiokoa," daktari alisema. "Mguu bado naweza kuutetea. Lakini mwenendo ukiwa huu, Bwana Machano, sizioni hizo wiki nne zikifika mwisho. Kwa nini huli ninachokuambia?"

"Ni Jumatano," Machano alisema.

Daktari alifumba macho kidogo. Nilitarajia atalipuka. Lakini naye alikuwa mzaliwa wa Tutaanza. "Basi Jumatatu bila kukosa," alisema, akafunga mkoba wake.

Sikuweza kubaki nyumbani. Nilikwenda kwenye Baraza la nchi, ambako wageni huruhusiwa kuketi nyuma na kuuliza swali moja. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kwamba chipsi ziandikwe kuwa mboga, kwa sababu kiazi kinatoka ardhini. Mjumbe wa Kaskazini aliitetea kwa nusu saa. Alisema kiazi hakikuomba kukaangwa, na si haki kumhukumu kiumbe kwa yaliyompata mwishoni. Mjumbe mwingine akauliza kama kwa hesabu hiyo keki nayo si ngano. Yule wa kwanza akajibu kwamba hiyo ndiyo hoja yake ya wiki ijayo, na anashukuru kuungwa mkono mapema.

Ikaja hoja ya pili, iliyoletwa na mjumbe mwanamke aliyeonekana kuchoka: ziwekwe Jumatatu mbili kwa wiki. Ilizungushwa kwa muda mrefu, wajumbe wakitoka na kuingia, wakipita kitu fulani huko nje. Mwishowe ikakataliwa. Waziri alieleza kwamba Jumatatu mbili zinahitaji Jumapili mbili za kuaga, na hospitali hazina vitanda vya kutosha hata kwa ile moja.

Nikasimama na swali langu. Niliuliza, kama mtu ameanguka Jumanne saa nne, kwa nini asile mboga Jumanne hiyo hiyo saa saba?

Hawakunikasirikia. Spika alivua miwani, akanitazama kwa huruma ambayo wenyeji humtazamia nayo mgeni asiyejua desturi.

"Jumanne saa saba," alisema, "ni nani atakayempigia ngoma?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubaliana, na shauri likaishia pale. Nilitoka nikitembea kwa kasi, jua la utosi, sijui ninakokwenda, mpaka nikajikuta nimerudi pale pale kwa wenyeji wangu. Kapu la siku lilikuwa limeshafika na limeshaliwa. Machano alikuwa amesinzia kitini, karatasi ya chipsi mapajani. Bi Siwema alikuwa uani anakamua nguo. Nikamsimulia yote.

"Adhabu yake hawakuisema?" aliuliza.

"Adhabu ya nini?"

"Ya kula mboga Jumatano."

Nikafikiri. "Hawakuisema."

"Hata mimi sijawahi kuisikia, na nimezaliwa hapa." Alikung'uta mikono, akachukua ukanda wa kubebea mzigo uliokuwa ukining'inia mlangoni. "Twende, shemeji. Wewe una miguu isiyotulia, ipate kazi."

Nje kidogo ya mji kuna mkulima anayelisha soko la Jumatatu. Siku nyingine, kwa kuwa mchicha hauulizi siku na unaendelea kuota, huwapa mbuzi. Tulimkuta akiwamwagia mafungu. Bi Siwema alipomwambia anachotaka, alitutazama, akatazama barabarani kama kuna mtu.

"Chukueni," alisema. "Mbuzi wangu wameshazidi wajumbe wa Baraza kwa afya." Alitupa mchicha, kunde mbichi, nyanya na vitunguu, na samaki mkavu wa kwake mwenyewe, ambaye alikiri kwa sauti ndogo kwamba humla siku za Alhamisi, akijifungia.

Saa tisa Bi Siwema alikuwa jikoni. Hakupika Chakula cha Marejeo. Alikata kitunguu, akatia kijiko kimoja cha mafuta, nyanya, chumvi kidogo, akamchambua samaki miiba, akageuza kunde mpaka zikalainika, akaukausha mchicha usiive sana. Alisonga ugali wa dona mdogo, wa kiasi cha ngumi. Harufu ilitoka dirishani ikaenda mtaani, na mtaa ukasimama. Watu waliokuwa wakipita walisahau kutafuna. Fundi cherehani alitoka na futi shingoni. Sidhani kama kuna aliyewahi kusikia kitunguu kikiungwa siku ya Jumatano pale.

Machano aliamka. Alipoiona sahani alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Mama Mize, mimi nimeanguka. Nimeandikwa."

"Najua. Kula."

"Miaka kumi na tisa naandika watu. Niliwaandika ndugu zangu. Nilikuandika wewe."

"Kila Jumatatu saa moja na nusu, na mwandiko mzuri," alisema Bi Siwema. "Baba Mize, hicho kidole hakijui kama leo ni Jumatano. Nitakufungia bendeji ya mguu, sawa. Sitaki nikufungie ya goti. Siwezi. Nakuambia siwezi." Sauti ilimkatika, na hakujaribu kuificha.

Bwana Pandu aliingia kabla Bi Siwema hajajibiwa, daftari kwapani, watu kumi nyuma yake. Aliitazama sahani. Aliuliza ni ya nani. Bi Siwema akasema ni ya mume wake. Akauliza kama mume wake hajui kwamba ameanguka. Akajibiwa kwamba anajua kuliko mtu yeyote, kajiandika mwenyewe. Bwana Pandu akafungua kitabu cha sheria, akapekua kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo. Nilimwona jasho linamtoka. Hakukuwa na kifungu. Walioandika sheria hawakufikiria kwamba mtu angefanya hivyo.

"Siwezi kuliacha," alisema hatimaye, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Nikiliacha, kesho mtaa mzima utapika. Bwana Machano, sukuma hiyo sahani, tuyamalize."

Machano alimtazama mkewe. Bi Siwema alikuwa analia, amesimama wima, mikono ikinuka kitunguu. Kisha Machano alinyoosha mkono akamega tonge dogo, akachovya kwenye kunde, akala. Alikuwa ameketi. Alitafuna waziwazi, mbele ya Mkaguzi wa Meza, na machozi yakimtoka.

Bwana Pandu alifungua daftari. "Sina adhabu ya jambo hili," alisema, "isipokuwa kukufuta. Jina lako linatoka. Kuanzia leo huandikwi umeanguka, wala huandikwi umerejea. Jumatatu ngoma ikilia, hailii kwa ajili yako. Huna Jumatatu tena."

Watu waliokuwa nyuma yake walishika vichwa. Mwanamke mmoja akaanza kuomboleza kama kwenye msiba. Naandika nilichokiona: Machano, aliyepokea habari za kukatwa mguu bila kutikisika, aliposikia kalamu inapita juu ya jina lake aliangua kilio. Alimshika Bwana Pandu kanzu.

"Niandike nimeanguka mara mbili," alisihi. "Mara kumi. Usinifute, Pandu. Tumekua pamoja."

Pandu aliutoa mkono wake taratibu. Alikuwa naye anakaribia kulia, na macho yake yalikuwa yanarudi rudi kwenye sahani. Akatoka, na watu wakamfuata.

"Sasa nitaanza lini?" Machano alimuuliza mkewe. "Mama Mize, nitaanza lini?"

Bi Siwema alivuta kigoda akaketi mbele yake, akamsogezea sahani. "Kula, zinapoa," alisema. Akamega tonge akala naye.

Alhamisi asubuhi, na hili nalo lazima niliseme, Machano alikula andazi. Jirani alilileta kumpa pole. Alilila lote, ameketi, kisha akaweka mikono mezani akangoja. Alingoja kama robo saa, anatazama mlango. Hakuna aliyekuja, kwa kuwa hakuna daftari lililokuwa na mahali pa kumwandika. Kilipofika chakula cha mchana alikula mchicha na samaki, na jioni akala kunde. Ijumaa hakula andazi. Jumapili alikula kipande cha keki, akakiacha nusu. Jumatatu ngoma ilipolia alikuwa ameshakula uji wa mtama na papai, nami nilikula naye, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuzunguka mtaa.

Nilikaa mpaka wiki ya saba. Kidole gumba kilikatwa katikati ya hapo, na Machano alikilia. Siku ya mwisho Daktari Mafunda alikuja na vifaa vyote kwenye mkoba, akijua alichojiandaa kukifanya. Alifungua bendeji. Aliinama, akabonyeza, akanusa, akabonyeza tena. Nyama ilikuwa nyekundu mbichi, safi, na ngozi ilikuwa imeanza kuingia kutoka pembeni.

"Huu siukati," alisema. Akachukua kalamu na karatasi ya hospitali. Kuna mahali palipoandikwa: tarehe na siku aliyorejea. "Ni Jumatatu ipi?"

Machano alimtazama mkewe.

"Jumatano," alisema Bi Siwema. "Saa tisa. Alikuwa ameshakula chipsi."

Daktari aliishika kalamu hewani. Alitazama dirishani, ambako watu walikuwa wakitembea huku na huko wakitafuna, kisha akautazama mguu. Akaandika Jumatano.